Kodi ya Marehemu

Kwa miaka minne nilimlipia baba yangu kodi ya kichwa, naye yuko kaburini. Kwenye stakabadhi iliandikwa kodi ya maendeleo, lakini sisi watu wa Ifakara tuliiita kodi ya kichwa, na asiyelipa alikokotwa na mgambo mchana kweupe mpaka ofisi ya kata, watoto wakimfuata nyuma na kelele zao. Nililipa mara nne. Kila mara nilipewa stakabadhi yenye jina la marehemu, nikaikunja na kuitumbukiza kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda. Watu nikiwasimulia leo wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wacheke tu. Hawakuwepo, na moyo uliokuwa unadunda haukuwa wao.

Mimi si mwoga wa kuzaliwa, hilo nalo lijulikane. Nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka barabarani, na mteja aliyechelewesha malipo aliujua mdomo wangu. Lakini miaka ile ya tisini nikisikia baiskeli inasimama mbele ya nyumba, mguu unaacha kukanyaga cherehani. Nilijichoma vidole kwa sindano mara nyingi kuliko mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Chanzo ni hela ya ukoo. Babu yangu mzaa baba alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga kule Mngeta, enzi ambazo mashine zilikuwa za kuhesabu bondeni kote. Alipofariki, baba yangu ndiye aliyefuatilia mirathi. Wakati ule kulikuwa na ushuru wa mirathi: mtu akifa na mali ya kueleweka, serikali inachukua fungu lake kwanza, ndipo watoto wagawane kilichobaki. Baba alikwenda Morogoro na kurudi, akalala nyumba za wageni, akajaza fomu, akaambiwa arudi mwezi ujao, akarudi. Mwisho mashine yenyewe ikauzwa ili ushuru ulipwe. Kilichosalia aligawana na mdogo wake. Mdogo wake alijenga nyumba ya bati, basi yakaisha. Baba yeye hakununua hata shati. Aliweka fungu lake benki, akasema ile hela si yake, yeye ameshikilia tu mpaka wajukuu wakue.

Mjukuu alikuwa mmoja, naye ni mwanangu. Nilizalia nyumbani. Aliyenipa mimba alipanda treni akasema anakwenda kutafuta kazi, na nadhani bado anaitafuta. Baba alininunia mwezi mzima, hapokei hata shikamoo yangu. Mtoto alipozaliwa, mzee mwenyewe ndiye aliyekwenda naye kliniki, na kwa kuwa mtoto wa nyumbani hupewa majina ya nyumbani, akamwandikisha majina yake yeye, yote, herufi kwa herufi. Tangu siku hiyo walikuwa wanaitana wajina. Mtoto alianza kusema "wajina" kabla hajajua kusema mama, na mimi nikabaki kama mpangaji kwenye nyumba ya wanaume wawili.

Mpango ulitoka hapo. Baba alikuja kukaa na mimi Ifakara, akaandikishwa huko kwenye orodha ya kodi, na jioni moja, tukiwa tunapeta mchele, akaniambia alichokuwa anakiwaza miaka yote.

"Mimi nikifa, jina halijafa. Mwenye jina yupo, anakula wali hapa. Usiende mahakamani, usichukue cheti cha kifo, usiandike tarehe popote. Akikua ataingia benki na kitabu chake, na serikali haitapata hata senti ya kuonja."

Nilimwona ana akili kuliko wanasheria wote wa Morogoro. Hakuna uhamisho, hakuna muhuri, hakuna ushuru, hakuna kikao cha ndugu. Hela inatoka kwa babu inakwenda kwa mjukuu bila kunyanyuka ilipokaa. Msukuma mmoja rafiki yake, aliyehamia upande wa Kiberege na mifugo yake, alikuwa amemshauri atoe ile hela anunue mitamba, yeye atamchungia pamoja na ng'ombe wake, na kila mzao uandikwe wa mtoto. Wakati huo hela ile ingetosha mitamba kumi. Baba alimcheka. Alisema ng'ombe anaonekana, anahesabiwa, ana ushuru wake, lakini hela iliyo kwenye kitabu haina kwato. Na mimi nikacheka pamoja naye. Aliniapisha nisimwambie mtu, hata mdogo wake, na nikaapa.

Mwanangu alikuwa na miaka tisa baba alipokwenda Mngeta kuangalia shamba. Homa ilimkuta huko. Nilipata habari asubuhi, nikapanda treni, nikamkuta ameshafungwa shuka. Tulimzika kwenye makaburi ya nyumbani, pembeni ya babu. Baba mdogo wangu, yaani huyo mdogo wake, alishika jeneza upande wa kichwa. Nililia sana, baba yangu nilimpenda. Lakini seremala alipoleta msalaba na kikopo cha rangi, akauliza majina yaandikwe vipi na tarehe gani, machozi yalikauka hapo hapo. Nikamwambia aache kwanza. Akauliza kwa nini. Nikasema tutaandika arobaini ikifika. Baba mdogo alinikata jicho, akadhani ni utani wa msiba. Arobaini ilipofika nikasema rangi imeganda.

Msalaba ukabaki mtupu.

Msimu wa kodi walikuja asubuhi, mimi niko barazani nyumbani, cherehani yangu sijaipeleka dukani. Walikuwa watatu: karani kijana aliyeletwa kutoka kwingine, asiyemjua mtu, na mgambo wawili. Karani alifungua daftari akasoma jina la baba kwa sauti, majina yote. Mwanangu alikuwa ndani anavaa viatu vya shule.

"Naam," akaitikia, akatoka na kiatu kimoja.

Mgambo walicheka. Karani naye alitabasamu, akasema anamtaka mkubwa.  Ningesema neno moja tu, amefariki, karani angepiga mstari juu ya lile jina na kwenda nyumba ya pili. Lakini mstari ule niliuona ukipita daftari lile, ukaenda mpaka benki, ukakata na kitabu cha mwanangu. Nikasema yuko Mngeta. Haukuwa uongo. Akauliza atarudi lini. Nikasema kwa kweli sijui. Huo nao haukuwa uongo. Akasema hawawezi kumsubiri, na kama hakuna wa kulipa watashikilia cherehani. Mgambo mmoja alikuwa ameshaweka mkono juu ya gurudumu. Nililipa kwa hela za wateja walizoacha kwa ajili ya sare, nikapewa stakabadhi, nikashukuru kama mjinga.

Walipokunja kona nilimgeukia mwanangu nikamchapa kofi la shavuni. Sikuwahi kumpiga kabla ya siku ile. Alikuwa bado ameshika kiatu. Aliniuliza amefanya nini. Kosa lake, mtoto wa miaka tisa, lilikuwa kuitikia jina lake. Nikamkalisha chini, nikamwambia kuanzia leo mtu asiyemjua akiuliza anaitwa nani, ajibu Dogo. Jina lile ni la darasani tu, mwalimu akiita. Barabarani, sokoni, kisimani, yeye ni Dogo. Akauliza wajina wake amefanya kosa gani mpaka anatafutwa. Nikamwambia anyamaze avae kiatu.

Nikiikumbuka asubuhi ile mpaka leo naona aibu.

Mwaka wa pili mto ulifurika, mpunga wangu wote kwenye nusu eka yangu ukaenda na maji. Ile nusu eka ndiyo iliyotulisha, cherehani ililipa mengine. Nikaona sina ujanja, nitoe kidogo kwenye kitabu, cha kununulia debe mbili tatu za mchele. Nilimwogesha mwanangu, nikamvalisha shati la Jumapili, tukaenda benki. Njiani nilimwambia akiulizwa jina, leo tu, alitaje. Nilikuwa nimeshajipanga nitakavyosema: mwenye kitabu ndiye huyu, jina lile lile, angalieni.

Sikujua kitu kimoja. Miaka ya mwisho mkono wa baba ulikuwa unatetemeka, saini zake hazikufanana, benki wakamwambia awe anaweka dole gumba. Karani wa dirishani aliangalia kitabu, akachomoa kadi yenye alama nyeusi ya kidole, kubwa, ya mtu aliyeshika jembe na spana, akauliza mwenyewe yuko wapi. Kabla sijafungua kinywa, mwanangu alinyoosha dole gumba lake dirishani. Alikuwa anafidia lile kosa lililomletea kofi. Nililivuta lile dole kama limegusa kaa la moto, nikasema mzee anaumwa.

Karani alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio ulionimaliza. Alisema wana utaratibu wa wateja wagonjwa, ofisa atakuja nyumbani na kidau cha wino, mzee ataweka dole akiwa kitandani kwake. Akachukua kalamu. Niambie mnakaa wapi, mama.

 Nilimtajia mtaa ambao sikai, nikanyakua kitabu, tukatoka. Sikupumua mpaka tulipopita soko. Miezi mingapi nilikaa nikingoja yule ofisa na wino wake, sijui. Nilimwona kwenye kila mtu aliyevaa shati jeupe. Nilipanga hata nitakavyofanya: nitamlaza mzee mwenye nyumba wangu kitandani nimfunike shuka mpaka kichwani, dole gumba tu nje. Mtu mzima, mama wa mtoto, nakaa nawaza nani nimlaze awe maiti aliye hai. Tulikula uji mwaka ule, na hela ikabaki benki bila kuguswa.

Kodi ya pili nililipa. Ya tatu nililipa. Majirani zangu waliujua msiba, nao niliwaogopa. Nilimshonea mmoja gauni bure, mwingine sare za watoto wawili bure, hakuna aliyeniomba. Walidhani msiba umenilainisha. Kumbe nilikuwa nawahonga waitunze siri wasiyoijua.

Mwaka wa nne mpunga ulikubali sana. Nusu eka yangu ilitoa magunia kuliko ya wenye eka nzima, na watu walisimama njiani kuliangalia lile shamba. Mwanangu alikuwa darasa la saba, mwalimu ameniambia huyu atachaguliwa, jiandae mama. Nilifurahi usiku mmoja. Kulipokucha nikakumbuka kwamba kujiandaa maana yake ni kitabu, na kitabu maana yake ni dole gumba lililoko Mngeta chini ya udongo.

Baada ya mavuno, baba mdogo alikuja Ifakara kuuza mpunga wake. Alipita ofisi ya kata kwa shida zake, na pale ubaoni walikuwa wamebandika orodha ya waliolipa kodi mwaka ule. Alikuwa anaisoma tu, kama mtu anavyosoma chochote akiwa kwenye foleni. Akaliona jina la kaka yake.

Alikuja moja kwa moja nyumbani. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa taabu. Nilimletea maji ya kunywa, akakiangalia kile kikombe na kukiacha chini. Kwetu mgeni asipopokea maji yako ameshakuambia kila kitu. 

"Kaka yangu yuko wapi?" akauliza.

Nilimwambia, baba mdogo, si ulimzika mwenyewe.

"Nilibeba jeneza. Nataka unieleze nilibeba nini."

Sasa ndugu msomaji, kama si mtu wa kwetu nikueleze alichomaanisha. Kuna watu wanaoamini kwamba mchawi anaweza kumchukua mtu, akawaachia wafiwa gogo la mgomba wazike, naye mtu mwenyewe akafichwa akawa msukule, wa kulima mashamba bila ujira. Na mimi nilikuwa na kaburi ambalo nilikataa lisiandikwe jina. Nilikuwa na marehemu anayelipa kodi. Nilikuwa na nusu eka iliyozaa kuliko eka. Hata mimi, haki ya Mungu, ningejishuku.

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga. Alisema Mngeta watu wamekuwa wakinong'ona juu ya ule msalaba tangu arobaini, yeye ndiye aliyekuwa akinitetea, na leo amejiona mpumbavu. Akasema tutakwenda kunyolewa, mimi na mwanangu, kabla mwezi haujaisha. Huko kwetu mtu akishukiwa hupelekwa kwa mganga pamoja na jamaa zake, wananyolewa nywele na kunyweshwa dawa ili uchawi utoke. Ukirudi na kichwa cheupe kila mtu anajua ulikotoka. Nilimwazia mwanangu amesimama mstarini shuleni, kichwa kinang'aa, wenzake wanasogea pembeni. Akasema nikikataa, vijana watalifukua kaburi. Aliondoka bila kuaga, na kikombe kiko pale pale.

Kopo lilikuwa chumba cha pili. Ningelileta, nikamwonyesha kitabu kilichokuwa humo, ningekuwa nimejiokoa dakika ile ile. Lakini nilikuwa nimeapa, na ningesema tu, ndugu wangejua, mahakama ingejua, serikali ingekuja na mkasi wake, na mwanangu angekwenda wapi. Nilikaa siku tatu nashona na kufumua kitu kile kile. Siku ya nne nilimkuta mwanangu anajitazama kwenye kioo, ameshika nywele zake kwa viganja viwili. Alikuwa ametusikia. Nikachukua kopo nikaenda mahakama ya mwanzo.

Nilikwenda kama anayekwenda kujisalimisha. Hakimu alikuwa mtu wa makamo, miwani imefungwa uzi, anakula karanga kwenye karatasi. Nilimwaga stakabadhi nne mezani, na kitabu, nikamweleza yote kuanzia mashine ya babu. Nilimwomba kitu kimoja tu: anaponifunga kwa udanganyifu, aniambie serikali itachukua kiasi gani cha hela ya mtoto, ili nijue kama kitabaki cha kununulia hata sanduku la shule.

Hakimu alivua miwani.

"Ushuru wa mirathi ulifutwa zamani, mama. Nani alikuambia bado upo?"

Nilimwomba arudie. Akarudia. Akasema ni miaka sasa, serikali haichukui fungu lolote kwa marehemu, kuna ada ndogo ya kufungua shauri, na akanitajia ada yenyewe. Ilikuwa haifiki hata kodi ya kichwa ya mwaka mmoja. Akasogeza zile stakabadhi kwa kidole, akasema hizi nazo hazirudishwi, ulilipa kwa hiari yako. Nadhani alitaka kuniuliza kitu kingine, akaona uso wangu, akanisogezea karanga.

Baba yangu aliniapisha juu ya sheria iliyokwisha kufa kabla yake. Alichosimulia kilikuwa kweli, ila kilikuwa kweli ya wakati wake, na hakuna aliyekuja kumwambia wakati umebadilika. Nami sikuuliza. Nina mdomo wa kumkaripia mteja kwa senti hamsini, nikakosa mdomo wa kuuliza swali moja mahakamani, hatua mia nne kutoka kwenye baraza yangu. Siku ile nilimkasirikia baba kwanza, halafu nafsi yangu.

Nilipanda treni na kopo langu. Baba mdogo alikuwa uani na wazee wawili, nadhani walikuwa wanapanga safari yetu ya kunyolewa. Nilimpa kitabu. Alikisoma ukurasa kwa ukurasa, akaja kwenye stakabadhi, akazilinganisha tarehe.  Kisha akamwita mkewe alete maji, akaninywesha mimi kwanza, halafu akanywa kwenye kikombe kile kile mbele ya wale wazee. Alikuwa analia, na alisema kaka yake alikuwa mbishi tangu utoto.

Kikao cha ukoo kilikaa, muhtasari ukaandikwa, baba mdogo akaweka saini yake akisema hataki kitu, hela ni ya mtoto kama mwenyewe alivyotaka. Cheti cha kifo kikapatikana. Tangazo likabandikwa mahakamani, muda wa pingamizi ukapita, hakuna aliyepinga. Nikaenda benki. Karani alikuwa yule yule, akanikumbuka, akauliza mgonjwa anaendeleaje. Nikamwambia alifariki. Lilikuwa neno fupi tu, na nilikuwa nimelikwepa miaka minne.

Hela iliyotoka haikuguswa na serikali hata senti, kama baba alivyotaka. Ila miaka yote hiyo bei zilikuwa zinapanda, na yenyewe ilikuwa imekaa. Ile iliyotosha mitamba kumi nilipoipokea isingetosha hata wawili. Yule Msukuma wa Kiberege nilikutana naye sokoni, akaniuliza baba aliifanyia nini ile hela.  Nililipa ada ya mwaka, nikanunua sanduku, godoro, ndoo na shuka mbili, hela ikaisha. Sare nilishona mwenyewe.

Kabla mwanangu hajaondoka tulikwenda Mngeta na kikopo cha rangi. Nilitaka seremala aandike, mwanangu akasema ataandika yeye. Alipiga magoti mbele ya ule msalaba, akaandika polepole, ulimi nje kama alivyokuwa akifanya darasa la kwanza. Mimi nilisimama nyuma yake nikatazama majina ya mwanangu yanatokea moja moja juu ya kaburi. Nilitaka kumwambia aache. Alipomaliza akauliza aandike tarehe gani. Nikamwambia ya kweli.

Januari nilimpeleka shule ya sekondari, mbali kidogo kupita Kiberege. Tulifika vumbi tupu, sanduku kichwani kwangu. Chini ya veranda kulikuwa na meza, mwalimu mmoja anaandikisha wageni. Aliuliza bila kuinua macho, unaitwa nani.

Mwanangu alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu kunizidi, hela imelipwa, babu yake ana kaburi lenye jina, hakuna mtu duniani aliyekuwa anatutafuta.  Alinigeukia kwanza, akanitazama usoni kuona kama anaruhusiwa.

Nikamwambia taja.

Akataja, taratibu, akiwa ameinamisha kichwa na mkono mmoja umefunika shavu. Mwalimu akasema hajasikia, arudie.